Kompyuta Isiyozimwa

Shuleni petu vitabu vilikuwa haba na wasomaji tele, na intaneti ilikuwa ghali. Basi nilitwaa kompyuta kuukuu iliyotupwa ghalani, nikaitia Linux na programu ya Apache, ambazo hutolewa bure, ikawa seva ya shule. Kazi ya seva ni kama ya mtunza maktaba: huombwa ukurasa, huutafuta, kisha huutoa. Niliipa anwani 192.168.1.10, ambayo ni ya ndani tu. Aliye nje ya mtandao wa shule haifikii. Wanafunzi wakasoma madokezo na mitihani ya zamani bila kulipa hata senti.

Juma moja kabla ya mtihani, tovuti yetu haikufunguka. Kumbe mzee mfagiaji alikuwa amechomoa waya wa umeme.

“Mwalimu,” alisema, “nilidhani imesahauliwa usiku kucha. Nilitaka kuokoa umeme.”

Nilipoiwasha tena, baadhi ya madokezo yalikuwa yameharibika, wala sikuwa na nakala. Hasira ilinipanda, lakini nikamkumbuka Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti katika CERN, Uswisi. Kompyuta yake, iliyokuwa seva ya kwanza ya wavuti mwaka 1990, aliibandika karatasi ya kuonya kwamba isizimwe. Mimi sikuandika hata neno. Kosa lilikuwa langu.

Leo onyo limebandikwa, nakala huhifadhiwa kila Ijumaa, na mlinzi wa kwanza wa seva ni mzee yule. Ajengaye kitu cha wote hana budi kuwaeleza wote.