Shimo la Jangwani na Kigoda cha Bibi

Ndugu zetu wapendwa, tafakari yetu ya juma hili inaanzia matangani. Majuma mawili yaliyopita tulimzika mtoto wa miaka minne katika mojawapo ya jumuiya zetu hapa Butimba. Daktari alikuwa amekwisha kusema kwamba ni malaria iliyochelewa kutibiwa. Hata hivyo, kabla ya siku ya tatu, jibu jingine lilikuwa limekwisha kuenea: bibi mmoja jirani, mjane, mwenye macho mekundu. Hakuna aliyelitamka waziwazi. Kigoda chake tu ndicho kilichosogezwa pembeni, mbali na wenzake. Nasi tulikiona, tukaendelea na sala kana kwamba hatukukiona.

Siku hizohizo tulikuwa na watoto wa Kipaimara katika somo la uumbaji. Mtoto wa Mwanza hawezi kusikia habari za uumbaji asiulize juu ya mawe yetu, na mmoja wao aliuliza kama mawe haya makubwa yalianguka kutoka angani. Tulimjibu kwamba hapana. Haya ni matale yaliyofanyika chini sana ardhini zamani za kale, kisha udongo na miamba ya juu yake ikaondolewa polepole na mvua na upepo hata yakabaki wazi. Kilichoanguka kutoka angani, tukamwambia, ni Kimondo cha Mbozi, kule Mkoa wa Songwe: bonge la chuma lenye urefu wa kama mita 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, ambalo wenyeji walilifahamu kabla ya mpimaji ardhi W. H. Nott kuliandikia taarifa mwaka 1930. Mtoto akauliza: "Padre, shimo lake liko wapi?" Tukamjibu kwamba pale Mbozi halionekani shimo. Hakuridhika, na kwa kweli nasi hatukuridhika. Jioni tulianza kusoma.

Tulikuta kwamba huko Marekani, katika jangwa la Arizona, mambo ni kinyume chake. Lipo shimo lenye upana wa kama kilomita 1.2 na kina cha mita 170 hivi, lakini bonge la kimondo halimo. Pembezoni vimetapakaa vipande vya chuma tu. Mwaka 1891 alifika hapo Grove Karl Gilbert, mmoja wa wanajiolojia walioheshimiwa sana katika nchi ile. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Alifikiri kwamba kama kimondo ndicho kilichochimba shimo, basi chuma kingi kimezikwa chini yake, na dira za sumaku zingekionyesha. Akapima, dira hazikuonyesha kitu. Akakadiria kifusi cha ukingoni, akakuta kinatosha kulijaza shimo lote, pasibaki nafasi ya kimondo kilichozikwa. Basi akahitimisha kwamba shimo lilitokana na mlipuko wa mvuke wa volkano, na kwa miaka mingi wataalamu wengi walimfuata.

Mwaka 1903 Daniel Barringer, mhandisi wa migodi, alianza kulifanyia kazi shimo hilo akiamini kwamba ni la kimondo. Alichimba na kutoboa ardhi kwa zaidi ya miaka 25, akitumaini kulipata bonge la chuma na kutajirika. Hakulipata. Mwaka 1929 mtaalamu wa falaki F. R. Moulton alipiga hesabu, akaonyesha kwamba kishindo chenye nguvu kiasi kile kingekigeuza kimondo kuwa mvuke kwa sehemu kubwa. Barringer alifariki mwishoni mwa mwaka huohuo. Juu ya chanzo cha shimo alikuwa na haki. Juu ya kilichomo ndani yake alikosea.

Aliyelifafanua jambo hilo hata likakubalika ni mwanajiolojia Eugene Shoemaker. Alikwenda kuyachunguza mashimo yaliyoachwa na majaribio ya mabomu ya nyuklia huko Nevada, akaona jinsi tabaka za ardhi zilivyopinduliwa ukingoni, sawasawa na zile za Arizona. Mwaka 1960 yeye na wenzake walitangaza kwamba katika mawe ya shimo lile wameona koesaiti, madini yanayotokea pale mawe ya mchanga yanapobanwa kwa nguvu ambayo volkano haiwezi kuitoa juu ya uso wa nchi. Ilikuwa imepita miaka karibu 70 tangu Gilbert apime kwa dira yake. Leo inakubalika kwamba kimondo kile kilianguka yapata miaka 50,000 iliyopita.

Ndugu wapendwa, habari hii ilitunyima usingizi. Gilbert alikuwa na elimu, vipimo na nia njema, na bado alikosea chanzo cha shimo ambalo halikumwomba mtu yeyote damu. Sisi, bila kipimo chochote, tulikitaja chanzo cha kifo cha mtoto kwa siku tatu. Tena tunajua gharama ya majibu ya namna hiyo: katika Usukuma wetu wamekwisha kuuawa kina bibi kwa sababu ya wekundu wa macho, wekundu ambao mara nyingi ni wa moshi wa kuni wa jikoni, walipokuwa wakitupikia sisi.

Uchungu wa wazazi ni wa kweli, nasi hatuudharau. Mfiwa hutafuta wa kumlaumu, maana neno "malaria" halina uso. Lakini uchungu si ushahidi.

Jumatatu tulikwenda kwa bibi. Tulimkuta anachambua mchele, mlango umefungwa mchana kweupe. Tukamwomba radhi kwa ukimya wetu. Alitusikiliza, akasema tu, "Karibu, baba, kaa." Kisha akatupa kile kigoda, yeye akaketi mkekani.

Alhamisi hii, saa kumi na moja jioni, sala ya jumuiya itakuwa nyumbani kwake. Mama wa marehemu ameahidi kuja. Nasi tunawaomba ninyi nyote mje, na kila mmoja aketi karibu na mwenye nyumba.