Klereni kwa Kukhu

Binamu yangu alirudi kutoka Port-au-Prince na kikohozi, simu mpya, na chupa mbili alizozifunga ndani ya soksi za kazi. Yeye ni mmoja wa wale polisi wa Kenya walioanza kupelekwa Haiti Juni 2024. Mambo ya kule hapendi kuyaongea. Aliweka chupa juu ya meza kwenye bedsita yangu, akakaa kitandani kwa sababu kiti ni kimoja, akasema, "Buda, si wewe ndiye huandika mambo ya pombe? Onja hii uniambie."

Ni kweli huandika. Tangu niache chuo nimeandika chochote kinacholipwa kwa neno: maelezo ya magodoro, CV za watu wanaoenda Dubai, na siku hizi maoni kuhusu vinywaji ambavyo mfuko wangu haviwezi.

Hii inaitwa klereni. Ni ramu nyeupe kama maji, haijawahi kulazwa kwenye pipa la mbao hata siku moja. Ramu nyingi duniani hutoka kwa molasi, yale masalia meusi kiwanda kikishatoa sukari yake. Klereni nzuri hutoka kwa maji ya miwa yenyewe. Yanakamuliwa, yanaachwa yachachuke kwa hamira inayojiletea hewani, kisha yanapikwa kwa moto, mara nyingi wa makapi ya miwa hiyo hiyo. Haiti ilipokuwa koloni la Ufaransa ilijaa mashamba makubwa ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Watumwa wakapindua hiyo hesabu, uhuru ukatangazwa Januari 1, 1804, na mashamba mengi baadaye yakakatwakatwa kuwa vishamba. Hadi leo kuna mamia ya wapishi wadogo vijijini.

Nilianza kavu. Nilimimina kidogo kwenye glasi ya chai na sikuinywa mara moja, kwa sababu kitu cha asilimia 50 na zaidi ukikiingizia pua nzima kitakufunga. Harufu ya kwanza ilikuwa gundi. Baada ya dakika, ndizi iliyoiva hadi ngozi ikawa nyeusi. Halafu nyasi iliyofyekwa asubuhi, na embe bichi lenye chumvi. Mdomoni ilichoma ncha ya ulimi, kisha ikaja kama tamu, ingawa sukari yenyewe hubaki kwenye sufuria wakati mvuke unapanda. Niliongeza matone manne ya maji na ghafla nikawa Butere, nina miaka tisa, natafuna muwa tuliouchomoa kwenye trekta linalopita.

Hapo niliweka glasi chini. Binamu alikuwa ananiangalia. "Umeskia, eh?"

Nilisikia. Lakini kazi ni kazi, tukaenda kwa kokteli. Martinique wana kinywaji kidogo kinachoitwa ti' punch: ramu nyeupe, kipande cha ndimu, sharubati ya miwa, basi. Sina sharubati, nikayeyusha sukari nguru. Ilikuwa nzuri mno, sukari nguru ikazidisha ule moshi na ndimu ikakata gundi. Ya pili ilikuwa daiquiri, mtoto wa Cuba: ramu, ndimu, sukari, barafu, tikisa. Nilitikisa kwenye chupa ya maji ya jimu. Nilidhani itafunika ile harufu ya shamba, kumbe iliipanga tu, kama mtu amevaa suti lakini bado anaongea kama kwao. Ya tatu nilitaka kujifanya mjanja: dawa, ile yetu ya ndimu na asali, lakini klereni mahali pa vodka. Usijaribu. Asali na klereni zilipigana na hakuna aliyeshinda.

Niliandika maneno mia nne, nikalipwa. Chupa ya pili nilipanda nayo basi la usiku hadi kwa Kukhu.

Kukhu alipika chang'aa kando ya mto kwa miaka mingi, kwa sababu malipo ya miwa yalikuwa yanakuja wakati yanataka. Kangara ya molasi, pipa, mrija unaopita kwenye maji baridi. Mama yangu alisoma kwa hiyo pesa. Muhula wangu wa kwanza wa chuo pia. Sheria ya 2010 iliruhusu chang'aa yenye leseni, ndani ya chupa za glasi, lakini Kukhu na leseni wapi na wapi. Polisi walimwaga pipa lake mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu, na usiku mbili alilala seli.

Hakuinywa kwanza. Alimimina kwenye kijiko, akawasha kiberiti, akaangalia moto wa buluu hadi ukazima. Akasugua kidogo kati ya viganja, akanusa. Halafu akaonja, kidogo kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi.

"Huyu hakuharakisha," akasema. "Ile ya kwanza kutoka ameimwaga. Ni mwanamke?"

"Sijui, Kukhu."

"Wanauza ngapi?"

Nilimwambia kwamba ikifika Ulaya chupa moja inapita shilingi elfu tano. Aliisoma lebo kwa kidole, polepole, herufi asizozijua.

"Na huyo, anamwagiwa na polisi?"

Nilifikiria binamu yangu na soksi zake, nikakosa la kusema. Kuku wawili waliingia jikoni, akawafukuza bila kuwaangalia.

"Na wewe papa, chuo mnafunga lini? Nasikia wenzako walishavaa ile kofia."

Ilikuwa mwaka wa tatu sasa nikimwambia bado kidogo. Mdomo wangu bado ulikuwa na ladha ya nyasi.

"Niliacha, Kukhu. Kitambo."

Aliangalia ile pete nyeusi moto ulioacha kwenye kijiko, akaisugua kwa pindo la leso.

"Nilijua," akasema. "Mama yako hajui kudanganya kwa simu." Kisha akajimiminia tena, safari hii kwenye kikombe. "Hii ya kuandika, wanakulipa?"

"Kidogo."

"Kila mwezi?"

"Wakati wanataka."

Alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akafunga kifuniko, akaisukuma chupa nyuma ya debe la unga.