Paka Huyu

Tuliporejea Juba kutoka Nakuru, tuliwakuta panya wametutangulia kwenye magunia ya mtama. Jirani yetu wa Gudele akatuahidi mtoto wa paka, lakini akatutaka tungoje wiki nane zitimie, aache kunyonya. Nasi tukajiandaa: tukatenga chumba kitulivu, tukajaza mchanga katika karai kuukuu liwe choo chake, tukaweka bakuli la maji mbali na karai hilo.

Binti yetu alikuja na Kiswahili cha mitaani. "Hii paka inalala," alisema. Sisi wazazi, walimu wote wawili, hatukuchoka kumsahihisha: nomino *paka* haibadiliki umbo katika wingi, lakini hutaja kiumbe hai, kwa hiyo hufuata upatanisho wa A-WA: *paka huyu analala, paka hawa wanalala*. Aliitikia, kisha akakosea tena.

Siku ya tano mgeni wetu alikataa chakula. Binti alikesha kando yake. Kabla ya alfajiri alitugongea mlango: "Paka huyu anatetemeka. Msimwache afe!"

Tulitazamana, tukanyamaza. Kulipokucha tulimpeleka kwa daktari wa mifugo, akampa dawa ya minyoo. Baada ya siku chache alikuwa akirukaruka juu ya magunia.

Siku hizi binti yetu husema, "Sahani hii ni ya paka huyu." Hatuna la kusahihisha.