Nambari 41

Wiki yangu ya kwanza kazini kwa Mzee, niliipita ile picha ukutani nikidhani ni kitu kilichoharibika na hakuna aliyepata nafasi ya kukiondoa. Mikanda minene mieusi imepishana kama mbao za mlango uliovunjwa, na katikati yake buluu kidogo inachungulia. Hakuna mtu, hakuna mti. Chini upande mmoja kuna sahihi ya penseli, upande wa pili 41/95. Mimi niliyekuzwa na karatasi za mtihani nikasoma haraka: arubaini na moja kati ya tisini na tano. Huyu amefeli.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao, hapa Munich. Saa moja asubuhi nafika, namwosha Mzee, namvalisha, nampa dawa na kahawa. Yeye ananiita Schwester, yaani dada, jinsi wauguzi wanavyoitwa huku. Nilipomwambia natoka Kenya, hakutaja simba wala ufuo wa bahari. Alisema jina moja tu: Keino. Mwaka wa 1972 alikuwa uwanjani, hapa hapa Munich, Kipchoge Keino aliponyakua dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Tangu siku hiyo tukawa marafiki.

Picha ni ya Pierre Soulages, Mfaransa aliyekuwa miongoni mwa wasanii walioombwa kutengeneza mabango ya michezo ile ya 1972. Hii ya Mzee si bango. Ni litografia aliyoinunua akiwa mwalimu, akailipa kidogo kidogo.

"Kwa hivyo ni kopi?" nikamuuliza.

Alinikazia macho kana kwamba nimemtukana mamake. Kisha akanifundisha. Mchoraji huchora kwa kalamu au wino wenye mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa likawa laini. Jiwe hupakwa dawa, kisha huloweshwa maji. Penye mafuta hukataa maji, pasipo mafuta huyashika. Rola ya wino ikipita, wino hushika mchoro peke yake, kwa sababu mafuta na maji hayapatani. Karatasi hulazwa juu na kupitishwa kwenye mashine. Kwa kawaida kila rangi ina jiwe lake. Nakala zikitimia, mchoro husuguliwa ukatoka, ama jiwe likatiwa alama ya kulifuta, asije mtu akaongeza ya tisini na sita. Kwa hivyo 41 si alama za mtihani. Ni karatasi ya arubaini na moja, na hakuna picha nyingine iliyofichwa mahali ikiitwa ndiyo ya kweli. Zote ndizo.

Ujuzi huu ulizaliwa huku huku Bavaria, miaka ya 1790, mikononi mwa Alois Senefelder, mwandishi wa michezo ya kuigiza aliyekosa pesa za kuchapisha kazi zake. Mwenyewe alisimulia kwamba siku moja mamake alitaka aandikiwe orodha ya nguo za kufuliwa, karatasi haikuwapo, akaiandika juu ya jiwe. Hapo ndipo nilipochangamka. Kumbe vitu hivi vya matajiri vilianza na nguo chafu, na mimi nguo chafu nazijua.

Soulages naye alizaliwa Rodez, kusini mwa Ufaransa, mwaka wa 1919, akafariki 2022 akiwa na miaka 102. Baada ya Vita Vikuu vya Pili alichora kwa maji ya maganda ya jozi, yale maseremala hutia kwenye mbao, na kwa brashi za wapaka rangi wa nyumba. Michoro yake hakuipa majina, aliiita kwa vipimo na tarehe. Alipenda kusimulia kwamba utotoni aliulizwa anachora nini kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, akajibu: theluji. Weusi ule ulikuwa unaifanya karatasi iwe nyeupe zaidi.

Macho ya Mzee yameliwa katikati. Anaona pembeni tu. Ndiyo maana kila asubuhi, baada ya kahawa, huuliza, "Leo ikoje?"

Mwanzoni nilimjibu, "Nyeusi, kama jana." Akacheka, akaniambia niangalie tena. Nikaangalia. Asubuhi yenye mwanga, mkanda wa juu huwa kama mkaa mkavu na wa chini kama masizi ya sufuria. Mahali wino ulipokuwa mwembamba, punjepunje za jiwe huonekana, kama ukoko wa ugali. Kijerumani changu cha mtihani hakikuwa na maneno hayo, kwa hivyo nilimpeleka Mzee jikoni kwa shosho, kule Nyeri, mafiga matatu na moshi. Alisikiliza amefumba macho.

Mwezi wa Machi akasema, "Ichukue. Nataka iwe yako."

Usiku huo nilipigia Mama simu.

"Ni ya pesa ngapi?" akauliza.

"Sijui kamili. Inaweza kumaliza deni."

"Basi ni Mungu. Kuja kwako huko kumekula laki tatu na nusu. Chama kinanisumbua kila Jumapili. Zawadi hairudishwi, mwanangu."

Mkataba wangu unakataza kupokea zawadi ya thamani kutoka kwa mtu ninayemhudumia. Lakini hata bila mkataba, jambo moja lilinikaa kooni. Mimi ndiye ninayemshika asianguke bafuni. Mtu kama huyo anapokupa kitu, utajuaje kama amekupa kwa kupenda, ama kwa kuogopa kesho usipokuja? Pengine hata yeye mwenyewe hajui.

Nilimwambia siwezi. Siku mbili hakuuliza picha ikoje. Kahawa tukanywa kimya. Siku ya tatu akaniomba niihamishie chumba chake cha kulala, ukuta anaouona kwa pembeni akiwa amelala. Nikaitundika pale pasipopigwa na jua moja kwa moja, maana jua hula karatasi, nikapima fremu mara mbili isikae upande.

Mama bado hajanielewa. Husema nimepata roho ya Wazungu na bili za Waafrika. Sibishani naye, kwa sababu anayekaa mbele ya wanachama Jumapili ni yeye, si mimi. Deni limebaki laki moja na elfu themanini. Mwisho wa mwezi natuma kabla sijalipa kodi. Jana kulikuwa na mawingu, na nilimwambia Mzee kwamba ile buluu karibu ipotee yote.

"Ngoja," akasema. "Hayo mawingu yatapita."