Kuvunjika kwa Koleo si Mwisho wa Uhunzi

Mara nyingi wazazi wenzangu huniuliza mpira unamfundisha nini mtoto, zaidi ya kumalizia viatu. Mimi huwajibu kwa habari za Aliou Cissé wa Senegal.

Ndugu huyu alizaliwa Ziguinchor mwaka 1976, akawa kiungo shupavu na nahodha wa taifa lake. Tarehe 10 Februari, 2002, mjini Bamako, Senegal na Cameroon zilimaliza fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika bila ya kufungana. Ikaja mikwaju ya penalti. Mkwaju wa mwisho wa Senegal aliupiga nahodha mwenyewe. Mlinda mlango akauzuia, na kombe likaenda Cameroon.

Miezi michache baadaye aliiongoza timu hiyo hiyo kuifunga Ufaransa, bingwa wa dunia, bao 1-0, na kufika robo fainali ya Kombe la Dunia. Septemba mwaka huo huo meli ya Joola ilizama na kuua watu zaidi ya 1,800. Miongoni mwao walikuwamo jamaa zake.

Mwaka 2015 alikabidhiwa timu ya taifa akiwa kocha. Mwaka 2019 nchini Misri vijana wake walizifunga Tanzania 2-0 na Kenya 3-0, lakini katika fainali wakafungwa na Algeria 1-0. Kwa mara ya pili kombe lilimponyoka. Hata hivyo hakuondolewa kazini.

Ndipo ilipofika tarehe 6 Februari, 2022, mjini Yaoundé, dhidi ya Misri. Mapema katika mchezo Sadio Mané alikosa penalti. Dakika 120 zikapita bila ya bao. Katika mikwaju ya kuamua mshindi, ule wa kumaliza kazi ulipigwa na Mané yule yule, naye akafunga. Senegal ilishinda 4-2, ikatwaa kombe hilo kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Kwangu mimi, funzo limo katika mkwaju huo. Aliyewahi kubeba fedheha ya kukosa hakumnyima mwenziwe nafasi ya kujaribu tena. Cissé aliiacha timu hiyo mwaka 2024, lakini mfano wake umebaki. Basi mtoto wako akirudi na matokeo mabaya ya mtihani, au kijana kiwandani akiharibu kazi siku moja, mkaripie ikibidi. Kisha mrudishie mpira mikononi.