Majina ya Ukoo, Toka Musoma Hata Bunda

Nalitumwa na padre kwenda Bunda kuuliza habari za ukoo wa msichana mmoja aliyeposwa na kijana wa hapa Musoma. Kijana hakumjua babaye, aliyekufa ziwani naye akiwa mchanga. Alijua tu kwamba alitoka pande za Bunda. Majina yao ya ukoo yalikuwa mbalimbali kabisa, hata mimi naliona safari ile ni ya bure.

Nikapitia Butiama, nilikokuwa na jamaa. Pale Mwitongo palikuwa mji wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, aliyefariki mwaka 1942. Alizaliwa wakati wa viwavi kuvamia nchi, akaitwa Nyerere, yaani kiwavi. Burito ni jina la babaye. Mwanawe aliyezaliwa mwaka 1922 aliitwa Kambarage, jina la pepo wa mvua, naye akabatizwa Julius mwaka 1943. Kwa desturi ya wazee, viwavi wale wangekoma kwa baba. Lakini shule na vyeti vyataka jina la ukoo, basi jina la baba likashuka hata kwa wajukuu, na jina la Burito ni wachache walitajao.

Wala si sisi peke yetu. Huko Hispania, Fernández maana yake ni mwana wa Fernando, ingawa aitwaye hivyo leo babaye ni mwingine. Wayahudi nao kwa karne nyingi waliitwa fulani mwana wa fulani, mpaka mwaka 1787 Kaisari aliyetawala Austria alipowaamuru wale wa nchi zake wajitwalie majina yasiyobadilika. Wengine majina yao ni kama ramani: Myahudi wa Morocco aitwaye Toledano ataja Toledo, mji wa Hispania, nchi iliyowafukuza Wayahudi mwaka 1492.

Nalifika Bunda jua likipunga. Nikamwamkia bibi wa msichana, nikamweleza nilichotumwa. Nilipolitaja jina la kijana, alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Hilo ni jina la baba mkwe wangu.”

Alikuwa na wana wawili. Mkubwa aliandikwa shuleni kwa jina la babaye. Mdogo, mwalimu mwingine akamwandika kwa jina la babu. (Simlaumu mwalimu yule, mimi mwenyewe nimeandika watoto wengi shuleni bila kuuliza sana.) Yule mdogo alikwenda Musoma kuvua samaki, habari zake zikakatika. Msichana ni binti wa mkubwa.

Naye alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji, akasikia yote. Akaitua polepole, akaingia ndani, wala hakutoka tena mpaka nilipoaga. Nalitamani nisingalikuja.

Lakini bibi alinishika mkono. “Mwalimu,” akaniuliza, “mjukuu wangu huyo, amefanana na nani?” Nikamweleza uso wake, na urefu wake, na jinsi anavyocheka. Akaniambia nimlete kabla ya mvua.