Madam, wewe umekisoma chote?

Kimya changu kimekuwa kirefu, najua. Sijaolewa wala sijaacha chuo kama wengine mlivyoanza kusema. Nipo BTP. Safari hii niliomba nipangiwe nyumbani kwetu Singida, maana boom lenyewe mnalijua, ukishalipa chumba na chakula cha mjini unabaki unahesabu nauli. Nyumbani nalala bure, nakula bure, ila sebule yote imejaa magunia ya alizeti yanayosubiri bei ipande, na upepo wa Julai huku unapiga mpaka mabati yanaimba. Asubuhi naenda kazini nimevaa masweta mawili.

Kuna wadau waliniuliza siku hizi nasoma nini. Niliahidi kujibu, ila jibu lenyewe limekuja na aibu kidogo. Vumilieni.

Nimepewa Kidato cha Tatu, somo la Kiswahili. Wiki ya pili nikaingia kwenye uhakiki wa riwaya, tukaanza na Watoto wa Mama Ntilie cha Emmanuel Mbogo. Darasa lina wanafunzi zaidi ya sitini, nakala ya kitabu ni moja, na yenyewe haina jalada. Lakini karibu kila dawati lina kile kijitabu cha uchambuzi, mnakijua: dhamira kuu, dhamira ndogondogo, wahusika na sifa zao, ujumbe, falsafa ya mwandishi. Nikauliza, "Dhamira kuu ni nini?" Mikono msitu mzima! Nikajiona mwalimu bora kabisa.

Kisha sijui shetani gani akaniingia, nikauliza swali ambalo halipo kwenye kijitabu. Nikasema, hebu niambieni, ungekuwa wewe ni Zita au Peter, umerudishwa nyumbani kwa kukosa ada na sare, mama unamkuta jasho linamtoka kwenye biashara yake ya chakula, ungeanza kumwambia vipi? Darasa kimya. Kisha kijana mmoja wa nyuma kabisa akanyoosha mkono, mpole, bila dharau yoyote: "Madam, wewe umekisoma chote?"

Nikasema ndiyo.

Wadau, nilidanganya. Mimi niliyepata alama ya juu ya Kiswahili kidato cha nne, mimi ninayesomea ualimu wa Kiswahili, Watoto wa Mama Ntilie sikuwahi kukifungua kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Takadini nilisoma kurasa kumi na kitu. Nilikariri kijitabu, nikajibu mtihani, nikafaulu, serikali ikanikopesha pesa niende kufundisha wengine kukariri. Na msinicheke sana, maana nusu yenu mnaosoma hapa ni walewale.

Jioni ile nikaomba ile nakala isiyo na jalada, nikarudi nayo nyumbani. Umeme ulikuwa umekatika, nikasoma kwa taa ya sola mpaka mama akauliza kama naumwa. Nilikimaliza siku mbili tu. Siku mbili! Miaka yote nimekikwepa kitabu cha siku mbili. Maoni yangu: kijitabu kinakwambia dhamira ni umaskini, lakini hakikwambii jinsi unavyojisikia. Umaskini kwenye kijitabu ni namba moja kwenye orodha. Kwenye kitabu ni mtoto anayeona aibu kumwangalia mama yake.

Basi nikapata uchu. Nikaenda kwa baba mdogo, mwalimu mstaafu, ana sanduku la bati limejaa vitabu vya zamani. Nikampa shikamoo, nikamweleza shida yangu, akacheka mpaka akakohoa. Akanitolea Rosa Mistika. Akasema, "Hiki zamani tulikisoma kwa kuficha."

Si utani. Euphrase Kezilahabi, yule mzaliwa wa Ukerewe aliyefariki Januari 2020, alikitoa mwaka 1971, na kwa muda kilipigwa marufuku mashuleni kwa madai kwamba kinaharibu maadili, baadaye ndipo kikaruhusiwa. Ambaye hajakisoma na hataki kujua mwisho wake, aruke aya inayofuata.

Rosa ni binti wa Zakaria, baba mlevi anayemlinda binti yake kwa fimbo. Barua tu ya mvulana inamletea kipigo. Anapokwenda shule ya bweni, mbali na fimbo ile, hajui ajilinde vipi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumfundisha, alitishwa tu. Anaendelea mpaka chuo cha ualimu (ndiyo, ualimu, kama mimi), na wanaume wanampitia mmoja baada ya mwingine, wakiwemo wenye vyeo. Mwishoni anajiua. Maoni yangu: kimeandikwa kwa ujasiri mkubwa, na sioni kinaharibu maadili ya nani, labda ya wale waliotajwa ndani. Ila nina ugomvi na mwandishi. Rosa analipa kila kitu kwa uhai wake, wakati wanaume wengi waliomchezea wanaendelea na maisha. Najua atasema ndivyo dunia ilivyo. Bado nimekasirika.

Na hapa ndipo kitabu kiliponishika koo. Mwaka 2019, tukiwa kidato cha tatu, niliyekuwa nakaa naye dawati moja alikutwa na mimba. Jina silitaji. Mnakumbuka hali ilivyokuwa, ukipata mimba shule ndiyo basi. Aliitwa ofisini asubuhi, kabla ya saa nne akapita dirishani kwetu na begi lake. Wenzangu walicheka, wengine wakatunga mzaha. Mimi sikucheka, lakini sikusimama. Sikumuaga. Kalamu yake ya bluu ilibaki kwenye dawati, nikaitumia mpaka ikaisha wino. Aliyempa mimba hakuna aliyemwita ofisini, labda hata hawakumuuliza ni nani.

Jumamosi iliyopita nimekwenda standi ya Misuna kupokea mzigo wa mama, nikasikia, "We mwalimu!" Kugeuka, ni yeye. Anauza karanga na mayai ya kuchemsha kwa abiria. Mtoto wake ameanza darasa la kwanza. Alinichangamkia kana kwamba mimi sina deni lolote kwake, na hilo ndilo liliniumiza zaidi.

Tukakaa kwenye kivuli. Kwa kutaka kujisafisha nikaanza kumhubiria: kwamba Novemba 2021 serikali ilitangaza wasichana waliokatishwa masomo kwa mimba waruhusiwe kurudi shule, kwamba hata kama shuleni umri umepita ipo njia ya mtihani wa QT, masomo ya elimu ya watu wazima. Akanisikiliza mpaka mwisho, akamuuzia mtu mayai mawili, akarudi. "Shoga, hilo tangazo nililisikia redioni. Mtoto wangu alikuwa bado mdogo, mama naye anaumwa. Ningemwachia nani?" Nikakosa la kusema. Mimi nilidhani namletea habari, kumbe habari anayo siku nyingi. Alichokosa ni mtu wa kumshikia mtoto.

Akaona kitabu kwenye mkoba wangu. Nikamsimulia kidogo habari za Rosa, baba yake, ile barua. Akawa anatikisa kichwa, "Mh, huyo Zakaria namjua." Kisha akauliza, "Sasa mwisho wake ikawaje?"

Nikababaika. Nikasema bado sijafika mwisho.

Uongo wa pili ndani ya mwezi mmoja, na safari hii nilidanganya kwa sababu nilikuwa nimekisoma chote. Akasema, "Ukimaliza niletee, jioni huwa sina la kufanya." Siku nne nzima nimezunguka na hilo. Nimpe kitabu ambacho msichana kama yeye anakufa? Au nimchagulie kingine, kama vile yeye ni mtoto? Roommate wangu kaniazima Peponi, kile cha Abdulrazak Gurnah aliyepata Nobeli mwaka 2021, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Nipo katikati. Mwanzoni kinakwenda taratibu, nilitaka kukiacha, lakini yule mtoto Yusuf anayetolewa na baba yake kulipia deni amenigandisha. Na misafara ile ya kwenda bara kwangu si hadithi ya mbali. Huku kwetu njia ilipita Kilimatinde na pori la Mgunda Mkali, ukielekea Tabora. Nikawaza nimpe hicho badala yake. Kisha nikajiuliza, na mimi si nageuka kuwa waliokipiga marufuku?

Jana jioni nimempelekea Rosa Mistika. Nikamwambia ukweli: nilikuwa nimekimaliza, mwisho wake ni mbaya, na mimi sikubaliani nao. Nikamwambia pia samahani ya mwaka 2019. Akaniangalia, akasema, "Kalamu yangu ulikaa nayo wewe, eh?" Tukacheka, kisha hatukucheka tena. Akakifunga kitabu kwenye khanga akaendelea na biashara.

Leo asubuhi nikaingia darasani. Kabla ya somo nikamtafuta yule kijana wa nyuma nikamwambia mbele ya wenzake: siku ile sikuwa nimekisoma, sasa nimekisoma. Darasa likashangaa kidogo, wakanong'ona. Kisha nikaanza kuwasomea kwa sauti kile kisicho na jalada, kurasa chache kila kipindi, ingawa azimio la kazi halina nafasi hiyo na msimamizi kutoka chuo anaweza kutokea wakati wowote. Wakikata alama, wakate.

Wadau, nanyi semeni ukweli: kitabu gani ulifaulia mtihani bila kukisoma? Mimi nimeanza. Ngoja niandike andalio la somo la kesho, taa ya sola nayo imeanza kufifia. Nikisikia dada amesema nini kuhusu mwisho wa Rosa nitawaambia. Tupo pamoja.